Springi za Pikapu: Pima Mzigo Kabla ya Kununua

Leo hatuzungumzi juu ya mbolea wala mbegu. Tunazungumza juu ya kile kinachobeba mbolea kwenda shamba na kuleta mazao nyumbani, yaani pikapu. Hasa tunaitazama pikapu ya foo-wili, ile inayovuta kwa magurudumu yote manne, ambayo mwenyewe ameiongezea vitu: ngao ya chuma mbele, winchi, keria juu, vyuma vya kuinua bodi, na kadhalika.

Ukisimama Mjimwema, iwe Mjimwema ya Njombe au ile ya Makambako, utaziona gari hizi zikipita kutwa. Moja imebeba viazi, nyingine mbao, nyingine kreti za parachichi. Sasa zitazame vizuri kwa nyuma. Utaona baadhi zimekaa chini kama kuku anayeatamia, huku pua ya gari imeelekea mawinguni. Nyingine hazina mzigo wowote, lakini mbele zimeinama. Mwenye gari akiona hivyo husema, "Springi zimechoka, niongeze majani." Mara nyingi huenda moja kwa moja kwa fundi, akatoa fedha, na baada ya miezi michache anarudi tena, safari hii chesisi imepata ufa.

Tuulizane basi: je, ni springi zilizochoka, au ni gari lililobebeshwa kupita uwezo wake? Haya ni mambo mawili tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Uzito kwanza, springi baadaye

Chukua kalamu na karatasi, tufanye hesabu pamoja. Kila gari lina kibati cha kiwanda, aghalabu kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti. Kibati hicho, au kitabu cha gari, hutaja uzito wa juu kabisa ambao gari linaruhusiwa kufikia likiwa na watu, mafuta na mzigo. Tuchukue mfano wa pikapu ya milango minne. Tuseme uzito wa juu ni kilo 2,800, na gari tupu lina kilo 1,850. Ukitoa, unabaki na kilo 950. Hizo ndizo zako za kubeba. Wengi wetu husema "gari langu ni la tani moja," tukaishia hapo.

Sasa hesabu vitu ulivyoongeza. Ngao ya chuma ya mbele, tuseme kilo 60. Winchi pamoja na waya wake, kilo 40. Vyuma vya bodi na keria, kilo 100. Tairi la pili la akiba na ringi yake, kilo 33. Betri ya pili, kilo 25. Jumla ni kilo 258. Toa kutoka 950, unabaki na 692. Bado hujapakia kiazi hata kimoja! Sasa panda wewe, mkeo na kijana wa kushusha mizigo. Watu watatu kwa kilo 70 kila mmoja ni 210. Zimebaki kilo 482.

Kilo 482 ni magunia manne ya kilo 100, na kidogo juu yake. Lakini tunajua magunia ya viazi yanavyofungwa. Wakala wa Vipimo umekataza lumbesa kwa miaka mingi, na bado lumbesa zinaonekana. Gunia likiwa na kilo 130, manne yanakuwa kilo 520. Tayari umezidisha. Na nani katika sisi hupakia magunia manne tu?

Ndugu mkulima, hesabu hii haina lengo la kukuvunja moyo. Inakuonyesha jambo ambalo wauza spea hawalisemi sana: springi nzito haziongezi uwezo wa gari. Springi mpya zitainua bodi lako lipendeze machoni, lakini ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, breki ni zile zile, na chesisi ni ile ile. Ulichofanya ni kuondoa dalili na kuuacha ugonjwa. Kabla ya hapo gari lilikuwa linalalamika kwa kukaa chini. Sasa umelinyamazisha, nawe unaendelea kupakia.

Kumbuka pia kwamba mizani ya barabara kuu, kama ule wa Makambako, ni kwa ajili ya magari makubwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito inahusu magari ya tani tatu na nusu na kuendelea. Pikapu nyingi hazifiki hapo, kwa hiyo hakuna atakayekusimamisha akupimie. Hapana budi ujipimie mwenyewe. Ukiwa karibu na kiwanda au ghala lenye mzani mkubwa wa magari, omba kwa adabu upimiwe. Pima gari zima, kisha magurudumu ya mbele peke yake, halafu ya nyuma peke yake. Andika namba hizo na uzitunze. Zina thamani kuliko maneno ya watu kumi kijiweni.

Mahali mzigo unapokaa

Jambo la pili ni mahali unapoweka uzito. Kila mtu aliyecheza bembea ya ubao utotoni analijua hili: mtoto mdogo akikaa mwisho kabisa wa ubao humwinua mkubwa aliyekaa karibu na katikati.

Gari nalo ni hivyo. Ngao na winchi, kilo 100, hukaa mbele ya ekseli ya mbele. Tuseme ziko sentimita 90 mbele ya ekseli, na toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3. Basi ekseli ya mbele haibebi kilo 100 tu. Inabeba kilo 130, na ile ya nyuma inapunguziwa kilo 30. Ndiyo sababu gari lenye ngao na winchi huinamisha pua hata likiwa tupu.

Nyuma mambo ni yale yale. Ukiweka gunia la kilo 100 mita moja nyuma ya ekseli, karibu na mlango wa bodi, ekseli ya nyuma inabeba kilo 133, na mbele kunakuwa kwepesi kwa kilo 33. Weka magunia matano hapo, usukani utakuwa mwepesi kama wa gari la mchezo. Katika utelezi wa udongo mwekundu, mvua za Januari au Machi, gari hilo utalikata kona nalo litanyooka kwenda korongoni. Kwa hiyo, vitu vizito vipakie mbele ya bodi, vigote nyuma ya kabini, na chini. Vyepesi viende nyuma na juu. Hii ni dawa isiyogharimu hata senti moja.

Springi ni nini, shokapu ni nini

Wengi huvichanganya hivi viwili. Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokapu haibebi. Kazi ya shokapu ni kutuliza. Gari likiingia shimoni, springi hujikunja, kisha hutaka kujikunjua kwa nguvu na kurusha gari juu, chini, juu, chini. Ndani ya shokapu mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu madogo. Kazi hiyo huula ule mruko na kuugeuza kuwa joto. Ndiyo maana ukimaliza safari ndefu katika barabara iliyojikunja kama bati la paa, ukagusa shokapu, utaungua vidole.

Basi mtu ambaye gari lake limekaa chini, akinunua shokapu mpya akidhani litainuka, amepoteza fedha. Na mtu ambaye gari lake linarukaruka, akaongeza majani ya springi, amelifanya liruke zaidi, kwa sababu springi ngumu yahitaji shokapu yenye nguvu ya kuituliza.

Chunguza kabla ya kwenda dukani

Fanya hivi. Simamisha gari mahali tambarare, likiwa tupu. Chukua futi ya fundi nguo, pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu mpaka ukingo wa bodi. Pima magurudumu yote manne, uandike. Kisha pakia mzigo wako wa kawaida, ule wa kila wiki, siyo ule wa siku moja ya mavuno makubwa. Pima tena.

Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, gari likiwa tupu, kuna jani lililovunjika au springi iliyochoka upande huo. Ingia chini utazame. Jani lililovunjika huonekana kwa ufa, au kwa alama ya kutu iliyochuruzika. Tazama bushi za mpira: zikiwa zimepasuka au zimetafunika, chuma hugonga chuma, na kelele hizo watu huzisingizia shokapu. Tazama shokapu: ikiwa imelowa mafuta na vumbi limeganda juu yake, imekwisha. Kisha kandamiza kona ya gari kwa nguvu, uachie. Likipanda na kushuka mara moja likatulia, vizuri. Likiendelea kudunda mara tatu, nne, shokapu hiyo ni marehemu.

Mara nyingi ukimaliza uchunguzi huu utagundua kwamba ulichohitaji ni bushi nne na shokapu mbili tu, wala si springi mpya.

Kuchagua springi

Tuseme umepima, na kweli springi hazitoshi. Jiulize swali moja: uzito ulioongeza uko garini siku zote, au unapanda na kushuka?

Ngao, winchi, vyuma vya bodi na betri ya pili vipo siku zote. Huu ni uzito wa kudumu, nao unahitaji springi zilizotengenezwa kwa ajili yake. Watengenezaji huuza springi kwa madaraja, wakieleza kila moja inafaa kilo ngapi za nyongeza ya kudumu. Hapo ndipo namba zako za mzani zinapokusaidia. Mwuzaji akikuuliza, usimwambie "nipe ngumu." Mwambie, "Mbele nimeongeza kilo 130 za kudumu, nyuma kilo kadhaa."

Mbele, gari nyingi siku hizi zina springi za koili. Land Cruiser pikapu zilianza kuwa na koili mbele mwaka 1999, na Hilux za kuanzia mwaka 2005 nazo zina koili. Zile za zamani zina springi za majani mbele, au vyuma virefu vinavyofanya kazi kwa kujisokota. Hivyo vya kujisokota vina bolti ya kukaza ili kuinua pua ya gari. Lakini fahamu: kukaza bolti hakukifanyi chuma kiwe na nguvu zaidi. Kunainua tu, na ukizidisha, gurudumu linakosa nafasi ya kushuka, na gari linagonga katika kila shimo.

Nyuma, mzigo wa mkulima hupanda na kushuka. Asubuhi unakwenda shamba mtupu, jioni unarudi umejaa. Kwa kazi hii springi bora ni ile yenye majani laini juu, na chini yake jani moja au mawili mazito ya msaada, yaliyonyooka, ambayo hayaguswi mpaka mzigo uwepo. Gari likiwa tupu linatembea kwa majani laini. Likijaa, jani la msaada linapokea. Ukiweka springi ngumu tupu za kilo 500 za kudumu, na wewe siku tano kwa wiki unatembea bila mzigo, gari litaruka kama mbuzi. Gurudumu linaloruka haligusi ardhi, na gurudumu lisilogusa ardhi halivuti katika tope wala halishiki breki.

Na mkulima wa parachichi asikilize hapa vizuri. Tunda la parachichi likipigwa halilii papo hapo. Linaonekana zima shambani, zima njiani, kisha siku za kuiva doa jeusi linajitokeza ndani. Mnunuzi analikataa, nawe huelewi kwa nini. Springi ngumu, bodi inayorukaruka, kreti zisizofungwa: hapo ndipo jasho lako la mwaka mzima linapomwagika. Nyanya nazo ni hivyo hivyo. Kwa mazao ya namna hii, springi ya kiasi na shokapu nzima ni sehemu ya kutunza mavuno, sawa na kuchuma kwa uangalifu.

Mambo ya kujihadhari

La kwanza, majani ya kuokoteza. Kuna desturi ya kuchukua jani la springi ya lori bovu, likakatwa na kuchomekwa chini ya springi ya pikapu. Jani hilo lina mkunjo wake na unene wake, haliwiani na mengine. Uzito wote hukusanyika mahali pamoja, na majani ya jirani huvunjika. Usikubali pia springi iliyovunjika iungwe kwa kuchomelea, wala ikunjwe kwa kupashwa moto mpaka iwe nyekundu. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kwa joto maalumu kiwandani. Moto wa gereji hukiua. Utatoka pale unacheka, utavunjikiwa mteremkoni.

La pili, mifuko ya hewa inayowekwa kusaidia springi za nyuma. Ina faida yake: unajaza upepo ukiwa na mzigo, unapunguza ukiwa mtupu. Lakini inasukuma chesisi mahali pamoja. Ukiwa umepakia nyuma ya ekseli, chesisi inakuwa kama kijiti unachokivunja gotini. Magari yamekwisha kupinda mgongo, nyuma ya kabini, kwa namna hiyo. Mifuko ni ya kusawazisha mzigo halali, si ya kuhalalisha mzigo uliozidi.

La tatu, kuinua gari mno. Sentimita 4 hadi 5 juu ya kimo cha kiwanda zinatosha kwa njia zetu za mashambani. Ukizidi hapo, ekseli za mbele hufanya kazi zikiwa zimepinda, vifuniko vyake vya mpira huchanika, mipira ya breki hunyooka kupita kiasi, na gari zima linakuwa refu la kuyumba. Bodi limejaa, keria juu lina tairi na madumu, njia imelala upande mmoja: hapo gari halihitaji upepo mkali kuanguka.

La nne, na hili wengi hawalijui kabisa: pikapu nyingi zina vali ya breki za nyuma yenye mkono uliounganishwa na ekseli. Kazi yake ni kusoma uzito. Mzigo ukiwepo, bodi hushuka, mkono husukumwa, na vali huruhusu breki za nyuma zishike kwa nguvu. Sasa ukiinua bodi kwa springi mpya, vali hudhani gari ni tupu siku zote. Umejaza viazi, unateremka mlima, unakanyaga breki, na kazi yote inafanywa na magurudumu ya mbele. Kwa hiyo, kila unapobadilisha springi za nyuma, mwambie fundi arekebishe vali hiyo. Akikuambia haijui, tafuta fundi mwingine.

Ukifika kwa fundi

Badilisha springi kwa jozi, kushoto na kulia, usibadilishe upande mmoja. Weka yu-bolti mpya. Za zamani zimekwisha kuvutika, na zikilegea, ekseli husogea na senta-bolti hukatika. Baada ya kilomita 500 hivi, rudi zikazwe tena, maana majani mapya hujilaza. Shokapu zichaguliwe ziwiane na springi. Zile zenye gesi hustahimili joto la njia mbovu kuliko za mafuta matupu, kwa sababu mafuta hayafanyi povu upesi. Kazi ikiisha, magurudumu ya mbele yapimwe unyoofu wake, ama sivyo utanunua matairi kila msimu.

Matairi nayo yana kauli yao. Ubavuni mwa tairi, baada ya kipimo, kuna namba ya uzito. Namba 106 maana yake tairi moja linabeba kilo 950. Namba 112 ni kilo 1,120. Springi nzuri juu ya tairi dhaifu ni nyumba ya matofali juu ya msingi wa mchanga. Pima upepo asubuhi, tairi likiwa baridi, na uongeze kama kitabu cha gari kinavyoagiza ukiwa na mzigo.

Kabla hujamaliza, tazama tena ile orodha ya vitu ulivyoongeza, ujiulize: kila kimoja kinanipa nini? Winchi ni chombo kizuri, lakini inaweza kukaa mwaka mzima haijavuta kitu. Minyororo ya matairi, jembe, mbao mbili imara, jeki nzuri na kamba ya kuvutia zitakutoa katika matope mengi ya vijiji vyetu, nawe utavibeba siku za mvua tu. Tairi la pili la akiba laweza kubaki nyumbani kama safari yako ni ya Njombe mjini na kurudi. Kila kilo 100 unazoziteremsha ni gunia moja halali unalolipandisha, na gunia hilo lina bei sokoni. Ngao haina bei sokoni.

Usisahau bima na sheria. Gari likipata ajali huku limezidisha mzigo au limebadilishwa kinyume cha sheria, kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa, na dereva ana kesi ya kujibu. Hao vijana wanaokaa juu ya magunia, kesi ya polisi haitawarudisha. Bodi ni ya mizigo, watu wakae ndani.

Kwa kifupi, ndugu mkulima: pima uzito, punguza visivyohitajika, panga mzigo mbele na chini, kagua bushi na shokapu, kisha, kama bado kuna haja, nunua springi zinazolingana na uzito wako wa kila siku, wala si na tamaa ya siku moja ya mavuno. Mzigo ukizidi, kodi lori au nenda safari mbili. Safari ya pili inagharimu mafuta. Chesisi iliyovunjika inagharimu gari zima, na msimu wa mavuno haumsubiri mwenye gari gereji.

Ukiwa na jirani mwenye pikapu, msomee habari hizi, kisha mchukue futi mkapime pamoja. Kazi njema, na safari njema.